Sulla na Ngazi ya Vyeo ya Roma: Sheria Zilizokuja Nyuma ya Jeshi

Quintus Lucretius Ofella alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba hatakataliwa. Yeye ndiye aliyeuzingira mji wa Praeneste mpaka ukasalimu amri mwaka 82 kabla ya Kristo (KK), na kwa kufanya hivyo alimwondolea jemadari Lucius Cornelius Sulla adui mwenye jina kubwa kuliko wote waliobaki Italia, yaani mwana wa Gaius Marius. Vita vilipokwisha, Ofella alitangaza kugombea ukonsuli, cheo cha juu katika uongozi wa kila mwaka wa Jamhuri ya Roma. Sulla, ambaye sasa alikuwa dikteta, alimkataza kwa sababu moja tu: Ofella hakuwahi kuwa kwestori wala pretori. Ofella hakusikia. Alishuka katika uwanja wa Forum akiwa na umati wa wafuasi, na Sulla, aliyekuwa ameketi kwenye hekalu la Castor akiyatazama yote hayo, akamtuma akida wa jeshi amuue palepale. Watu walipomkamata muuaji na kumburura hadi mbele ya dikteta, Sulla aliwaamuru wamwachie, kwa kuwa ni yeye aliyemtuma.

Mwanahistoria Appian anasimulia kwamba baada ya mauaji hayo Sulla aliwahutubia raia kwa mfano. Mkulima mmoja alikuwa akilima huku chawa wakimsumbua. Mara mbili alisimamisha kazi, akaivua nguo yake na kuikung'uta. Walipomuuma tena, akaitia nguo moto ili asiendelee kupoteza muda. Nanyi mliokwisha kushindwa mara mbili, akawaambia, msije mkauhitaji moto mara ya tatu.

Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba Ofella aliuawa kwa kosa dogo la utaratibu, kama mgombea aliyepeleka fomu bila viambatisho vyake. Kwa Warumi kosa hilo halikuwa dogo. Jamhuri yao haikuwa na hati moja ya katiba; ilikuwa na sheria zilizopitishwa moja moja kwa karne nyingi, na pamoja na sheria hizo desturi za mababu, ambazo mtu alizishika kwa kuogopa aibu kuliko kuogopa adhabu. Utaratibu wa kupanda cheo baada ya cheo ulikuwa uti wa mgongo wa mpangilio huo wote. Sulla aliuelewa vizuri kuliko watu wengi wa kizazi chake, akaurekebisha kwa umakini unaostahili kuheshimiwa, na hata hivyo miaka 11 baada ya marekebisho hayo nguzo zake kuu zilikuwa zimeng'olewa, tena kwa mkono wa mtu aliyekulia katika jeshi lake mwenyewe. Ninavyoona mimi, hakushindwa kwa sababu sheria zake zilikuwa mbovu. Alishindwa kwa sababu namna alivyozileta iliwafundisha watu kinyume cha kile zilichoamuru.

Warumi waliuita utaratibu huo kwa Kilatini cursus honorum, na inafaa kukumbuka kwamba katika lugha yao neno moja, honos, lilibeba maana ya heshima na maana ya cheo cha umma kwa pamoja. Cheo hakikuwa na mshahara. Aliyekitafuta alitafuta jina, na jina hilo liliachiwa watoto na wajukuu kama wengine wanavyoachiana mashamba. Kijana wa familia yenye uwezo alianzia jeshini. Polybius, Mgiriki aliyeishi Roma katika karne ya 2 KK, anaandika kwamba hakuna aliyeruhusiwa kushika cheo cha kisiasa kabla ya kutimiza misimu kumi ya vita. Baada ya hapo aligombea ukwestori, kazi ya kusimamia fedha na hesabu, ama katika hazina ya mjini ama chini ya gavana wa jimbo. Hatua iliyofuata haikuwa ya lazima, lakini wengi waliitamani: uedili, ambao wenye nao walisimamia masoko, barabara, majengo ya umma na, jambo ambalo wapigakura hawakulisahau, michezo na sherehe. Kisha ulikuja upretori, ambao mwenye nao aliongoza mahakama na aliweza kukabidhiwa jeshi. Mwisho ulikuwa ukonsuli: watu wawili, kwa mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake, na kila mmoja akitembea akitanguliwa na watumishi 12 waliobeba mafungu ya fimbo begani.

Kando ya ngazi hiyo walisimama matribuni kumi wa plebe. Cheo chao kilizaliwa na mgogoro wa mwaka 494 KK, ambapo, kwa mujibu wa mapokeo ya Warumi, raia wasiotoka katika koo za kale za watawala waliuhama mji na kukataa kupigana mpaka wapewe watetezi wao. Tribuni hakuwa na jeshi wala fimbo. Alikuwa na mwili wake, ambao ilikuwa mwiko kuugusa, na kura ya turufu, ambayo kwayo aliweza kusimamisha kitendo cha kiongozi yeyote wa kawaida, hata konsuli. Tangu mwaka 287 KK maazimio yaliyopitishwa na mkutano wa plebe yalikuwa sheria kwa raia wote, kwa hiyo tribuni mmoja mwenye ujasiri aliweza kuipindua sera ya Seneti nzima, baraza la wakubwa wa Roma, kwa kwenda moja kwa moja kwa wananchi. Mambo haya mawili, ngazi na utribuni, ndiyo Sulla aliyokuja kuyashughulikia, na ndiyo yanayomchanganya msomaji anayeanza kuisoma historia hii, kwa sababu la kwanza lilikuwa la kuwadhibiti wakubwa na la pili lilikuwa la kuwatetea wadogo, ilhali katika karne ya mwisho ya Jamhuri yote mawili yalitumiwa na wakubwa kupigania nafasi.

Kwa nini kuwe na ngazi? Jibu la haraka ni uzoefu: mtu ajue hesabu kabla ya kuhukumu, na ajue kuhukumu kabla ya kutawala. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Waliotunga sheria hizi walikuwa wenyewe ni wakubwa, na kilichowatisha zaidi ni mmoja wao kupanda haraka kuliko wenzake akawa mfalme. Sheria ya mwaka 180 KK iliyopendekezwa na tribuni Lucius Villius iliweka umri wa chini wa kugombea vyeo, na desturi ikaongeza kipindi cha kupumzika kati ya cheo kimoja na kingine. Mtu aliyekuwa pretori mwaka huu hakuweza kuwa konsuli mwaka ujao. Ilimbidi arudi kuwa seneta miongoni mwa maseneta, ashtakiwe kama alikuwa na la kushtakiwa, na awaone wengine wakipanda. Ngazi ilikuwa mkataba wa watu wenye tamaa, kila mmoja akikubali kuisubiri zamu yake kwa sharti kwamba na mwenzake ataisubiri.

Zamu hiyo ilipatikana kwa kura, na hapa pana mengi ya kufafanua. Mgombea alivaa joho lililong'arishwa kwa chaki, toga candida, na ndiko lilikotoka neno la kumtaja mgombea katika lugha nyingi za Ulaya. Alizunguka Forum akiwashika watu mikono, akiwa na mtumwa pembeni aliyekariri majina na kumnong'oneza nani anakaribia, kwa sababu raia aliyeitwa kwa jina lake alijiona anathaminiwa. Siku ya uchaguzi wa makonsuli na mapretori, raia walikusanyika Campus Martius, nje ya mpaka mtakatifu wa mji, wakagawanywa katika makundi 193 kwa kufuata utajiri. Kila kundi lilikuwa na kura moja. Katika mpangilio uliotumika karne mbili za mwisho za Jamhuri, tabaka la kwanza lilikuwa na makundi 70, na wapanda farasi, ambao walikuwa matajiri wa juu, walikuwa na 18. Maskini wasio na mali wote, hata wangekuwa maelfu mangapi, waliwekwa katika kundi moja. Waliotangulia kupiga kura ni wenye mali, na mara wagombea wa kutosha walipofikisha makundi 97 upigaji kura ulisimamishwa, kwa hiyo mara nyingi maskini walirudi nyumbani bila kuulizwa. Kura ya siri ilianza kutumika katika uchaguzi mwaka 139 KK tu. Kabla ya hapo raia alitamka chaguo lake kwa mdomo, huku tajiri wake akimsikiliza. Hata baada ya mageuzi hayo watu waliendelea kuchungulia, mpaka Marius, akiwa tribuni mwaka 119 KK, akaamuru vile vidaraja vyembamba ambavyo mpigakura alipita kwenda kutumbukiza kibao chake vifanywe vyembamba zaidi, ili asipatikane mtu wa kusimama kando yake na kumshinikiza.

Ushindani ulikuwa mkali kiasi gani, Cicero, msemaji na mwanasiasa wa Roma, ametuachia kisa kinachoueleza vizuri kuliko takwimu. Mwaka 75 KK alikuwa kwestori magharibi mwa Sicily, akaitumikia kazi kwa uadilifu na kupeleka Roma nafaka nyingi wakati wa uhaba, akaamini kwamba mji mzima unamzungumzia yeye. Akiwa safarini kurudi alishuka Puteoli, mji wa bandari uliojaa wakubwa waliokwenda kupumzika, na mtu mmoja akamuuliza ametoka Roma siku gani na kuna habari gani huko. Cicero akajibu kwamba anatoka katika jimbo lake la kazi. Naam, akasema yule mtu, kutoka Afrika, nadhani. Cicero, kwa hasira, akamwambia ni Sicily. Na mwingine aliyejifanya anajua kila kitu akadakia kwamba bwana huyu alikuwa kwestori Syracuse, ambako siko alikokuwa. Cicero anasema tangu siku hiyo alitambua kwamba masikio ya Warumi ni mazito ila macho yao ni makali, akaamua aonekane Forum kila siku. Na alifanikiwa: mtu huyu ambaye ukoo wake haukuwahi kutoa konsuli alipata kila cheo katika mwaka wa kwanza ambao sheria ilimruhusu, mpaka ukonsuli wa mwaka 63 KK. Hao waliitwa watu wapya, na walikuwa wachache mno.

Nyufa zilianza mapema. Mwaka 148 KK Scipio Aemilianus alikwenda kugombea uedili, lakini wananchi waliochoshwa na vita dhidi ya Carthage wakamchagua kuwa konsuli wa mwaka uliofuata, ingawa hakuwa na umri wala vyeo vilivyotakiwa, na sheria ikabidi imwondolee kizuizi. Aliuteka mji ule mwaka 146 KK, na hilo ndilo lililokuwa hatari: kuiruka ngazi kulileta ushindi. Mwaka 133 KK tribuni Tiberius Gracchus aliipeleka sheria ya kugawa ardhi ya umma kwa mkutano wa wananchi bila idhini ya Seneti, akamwondosha tribuni mwenzake aliyemwekea kura ya turufu, na alipotafuta utribuni wa pili mfululizo, kundi la maseneta lilimpiga mpaka kufa kwa vipande vya viti vilivyovunjwa. Miaka 12 baadaye mdogo wake Gaius alikufa katika msako ulioruhusiwa na azimio la Seneti. Baadaye Marius, mtu mpya kutoka Arpinum, alikuwa konsuli mara saba, na mara tano kati ya hizo zilifuatana, kuanzia mwaka 104 hadi 100 KK, kwa sababu makabila kutoka kaskazini yaliitishia Italia na watu hawakumwamini jemadari mwingine. Marius pia aliwaandikisha jeshini raia wasio na mali yoyote. Askari wa namna hiyo hakuwa na shamba la kurudia. Aliyeweza kumpatia shamba ni jemadari wake, si Seneti.

Sulla alikuwa kwestori wa Marius huyo barani Afrika. Ukoo wake ulikuwa wa kale lakini uliochakaa, na ngazi hakuipanda kwa urahisi: mara ya kwanza alipogombea upretori alishindwa, na mwenyewe alidai kwamba wananchi walimnyima kura ili agombee uedili kwanza na kuwaonyesha wanyama wa Afrika katika michezo. Alipata ukonsuli mwaka 88 KK, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, na pamoja nao akapewa vita dhidi ya mfalme Mithridates wa Ponto, vita ambavyo kila mtu alijua vitaleta utajiri na sifa. Ndipo tribuni Publius Sulpicius alipopitisha sheria ya kumpokonya jeshi na kumpa Marius. Sulla alikwenda kambini Nola, akawaeleza askari, na askari wakamtaka awaongoze kuelekea Roma. Maofisa wake wote, isipokuwa kwestori mmoja, walimwacha. Huo ni ushahidi wa wazi wa jinsi kitendo kile kilivyokuwa hakifikiriki: watu waliozoea vita walikimbia kuliko kuvuka mpaka wa mji wao wakiwa na silaha. Legioni sita zilivuka.

Yaliyofuata ninayapitia kwa haraka. Sulla alikwenda mashariki kupigana, wapinzani wake wakautwaa mji na kuwaua rafiki zake, naye akarudi mwaka 83 KK, akapigana mwaka mzima na zaidi, na tarehe 1 Novemba mwaka 82 KK akashinda mbele ya lango la Collina. Kisha zikabandikwa Forum zile orodha za majina. Aliyetajwa humo aliweza kuuawa na yeyote, muuaji akalipwa, mali ikanadiwa, na wana wa marehemu wakapigwa marufuku kugombea cheo. Sheria ikamfanya Sulla dikteta wa kutunga sheria na kuisimika upya Jamhuri. Udikteta wa kale ulikuwa wa miezi sita na haukuwa umetumiwa kwa miaka 120. Huu haukuwekewa kikomo.

Na hapa ndipo mtu huyu anapomshangaza msomaji, kwa sababu aliyekuwa na uwezo wa kufanya lolote alikaa chini akatunga sheria za kumzuia mtu mwingine asije akafanya kama yeye. Ngazi ikawa sheria kamili: ukwestori kwanza, usiotafutwa kabla ya miaka 30, upretori katika miaka 39, ukonsuli katika miaka 42, na miaka kumi ipite kabla mtu hajashika tena cheo kilekile. Makwestori wakawa 20 kila mwaka na mapretori wakaongezwa kutoka 6 hadi 8. Seneti, iliyokuwa na wajumbe 300 hivi kwa desturi na ambayo vita vilikuwa vimeipunguza sana, aliijaza mpaka ikakaribia 600, na kila aliyekuwa kwestori akaingia humo moja kwa moja. Mahakama za kudumu za kuhukumu rushwa ya magavana, uhaini na makosa mengine mazito zilipangwa upya, na majaji wake wakawa maseneta peke yao. Gavana aliyetoka nje ya jimbo lake na jeshi bila idhini alihesabiwa mhaini. Tribuni hakuweza tena kupeleka muswada kwa wananchi kwa hiari yake, kura yake ya turufu ikabanwa, na aliyewahi kuwa tribuni akakatazwa kugombea cheo kingine chochote maishani.

Hili la mwisho nadhani ndilo lililofikiriwa kwa ujanja kuliko yote, na ndilo lililokuwa na madhara makubwa kuliko yote. Sulla hakuufuta utribuni, jambo ambalo lingezua ghasia. Aliugeuza kuwa njia isiyo na mwisho, ili vijana wenye vipaji waukimbie wenyewe na wabaki nao wasio na matumaini. Lakini cheo kile kilikuwa mlango pekee ambao malalamiko ya watu wa chini yaliingilia serikalini kwa njia halali. Mlango ukifungwa, waliokuwa nje wanatafuta mtu wa kuuvunja, na Roma haikukosa mtu wa namna hiyo.

Hesabu za idadi nazo zina somo lake. Makwestori 20 kwa mwaka, kila mmoja akiingia Seneti akiwa na miaka 30 na ushei na kuishi miaka 30 mingine, wanaiweka Seneti karibu na 600 bila kumhitaji mtu yeyote wa kuteua. Ni mpango mzuri unaojiendesha wenyewe. Mapretori 8 na makonsuli 2 walitosha pia kwa majimbo kumi hivi ya wakati huo, kila mmoja akitumikia mwaka wake mjini kisha akaenda kuwa gavana. Ila sasa tazama kutoka chini. Kati ya wale 20, wanane tu wangeweza kuwa mapretori, na kati ya hao wanane wawili tu wangeweza kuwa makonsuli. Sulla aliupanua msingi akakiacha kilele palepale, na kwa hiyo kila mwaka ulizalisha watu waliokwishaonja heshima, waliokwishatumia fedha, na ambao hesabu ilikuwa imekwisha kuwahukumu kushindwa.

Fedha hizo zilitoka wapi? Edili aliyetaka kukumbukwa alilipia michezo kutoka mfukoni mwake. Mgombea alitoa takrima kwa makabila ya wapigakura kupitia mawakala waliokuwa na jina lao rasmi mtaani, wagawaji. Sheria dhidi ya rushwa ya uchaguzi zilitungwa moja baada ya nyingine, ikiwamo ya mwaka 67 KK na ile ya Cicero ya mwaka 63 KK iliyoongeza adhabu ya uhamisho wa miaka kumi, na kila sheria mpya ilikuwa ushahidi kwamba iliyotangulia haikufanya kazi. Mwaka 54 KK, Cicero anamwandikia rafiki yake kwamba katikati ya Julai riba ilikuwa imeruka kutoka asilimia 4 hadi 8 kwa mwaka, kwa sababu wagombea wa ukonsuli walikuwa wamekopa fedha nyingi kiasi hicho. Riba ya mji mzima ilipanda kwa ajili ya uchaguzi wa watu wawili. Mkopo ule ulilipwa na watu wa majimbo. Gaius Verres, gavana wa Sicily kuanzia mwaka 73 hadi 71 KK, alidaiwa kusema kwamba amezigawa faida za miaka yake mitatu hivi: ya mwaka mmoja yake mwenyewe, ya mwaka wa pili ya mawakili na walinzi wake, na ya mwaka ulionona kuliko yote ya majaji. Majaji hao walikuwa maseneta, kama Sulla alivyoagiza.

Sulla alijiuzulu udikteta kwa hiari yake, akarudi kuwa raia, akafa mwaka 78 KK. Mwaka huohuo konsuli Lepidus akaanza kuichochea Italia, na Seneti ikahitaji jemadari. Gnaeus Pompeius alikuwa na umri wa miaka 28. Akiwa na miaka 23 alikuwa amejikusanyia legioni kwa mali ya familia na kumletea Sulla. Alikuwa amefanya gwaride la ushindi Roma kabla hajaingia Seneti. Na hakuwahi kushika cheo hata kimoja. Seneti ileile ya Sulla ndiyo iliyomtumia dhidi ya Lepidus, na ndiyo iliyompeleka Hispania mwaka 77 KK kupambana na Sertorius, jemadari Mrumi aliyeasi huko, kwa mamlaka ya konsuli, kwa sababu makonsuli wenyewe hawakutaka kwenda. Uamuzi ule ulikuwa na maelezo yake ya dharura. Lakini dharura hazikwisha: Sertorius, kisha Spartacus na watumwa wake walioasi, kisha maharamia wa bahari, kisha Mithridates tena. Ngazi ilijengwa kwa ajili ya mji na majirani zake, na dola iliyoanzia Hispania hadi Asia Ndogo ilitaka amri ndefu kuliko mwaka mmoja. Sulla hakuligusa hilo.

Mwaka 70 KK Pompeius akawa konsuli akiwa na miaka 35, pamoja na Marcus Crassus. Seneti ilimpa msamaha wa masharti yote, nayo majeshi ya wote wawili yalikuwa bado hayajavunjwa wakati wa kugombea. Kwa kuwa hakuwahi kukaa katika Seneti hata siku moja, alimwomba rafiki yake msomi Varro amwandikie maelezo ya jinsi ya kuendesha vikao vyake. Mwaka huo masensori, viongozi wa kuhesabu raia na kusimamia maadili yao, walikuwa wakiwakagua wapanda farasi, ambao kwa desturi kila mmoja alipita akimvuta farasi wake na kusema ametumikia vita vipi na chini ya jemadari yupi. Mwandishi Mgiriki Plutarch anasimulia kwamba konsuli Pompeius alionekana akishuka Forum akimvuta farasi wake kwa mkono wake mwenyewe. Sensori mkubwa akamuuliza kama ametimiza misimu yote ya jeshi inayotakiwa na sheria. Akajibu kwa sauti kubwa kwamba ameitimiza yote, na yote chini yake mwenyewe kama jemadari. Umati ukashangilia mpaka haukuweza kunyamazishwa, na masensori wakainuka wakamsindikiza nyumbani.

Furaha ile ya umati inafaa kuzingatiwa, kwa sababu walichoshangilia ndicho alichouawa kwacho Ofella. Ukonsuli huohuo uliwarudishia matribuni mamlaka yao yote. Zuio la kugombea vyeo vingine lilikuwa limeondolewa tayari mwaka 75 KK. Mahakama zikagawanywa kati ya maseneta, wapanda farasi na tabaka lililowafuata. Masharti ya umri na mpangilio wa vyeo yalibaki katika sheria, na wagombea wa kawaida kama Cicero waliendelea kuyafuata kwa uaminifu. Aliyekuwa na askari aliombewa msamaha.

Julius Caesar aliipanda ngazi yenyewe, hatua kwa hatua, akikopa kwa kila hatua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: asubuhi ya uchaguzi wa kuhani mkuu mwaka 63 KK alimbusu mama yake na kumwambia kwamba atarudi akiwa kuhani mkuu au hatarudi kabisa, na mwaka 61 KK wadai wake walimzuia asiondoke kwenda jimboni mpaka Crassus alipomdhamini kwa talanta 830. Aliporudi mwaka 60 KK alistahili gwaride la ushindi, lakini jemadari anayesubiri gwaride hukaa nje ya mpaka wa mji, na mgombea wa ukonsuli hulazimika kuingia kujiandikisha. Aliomba ajiandikishe kwa niaba. Seneta Cato, mpinzani wake, akazungumza Senetini mpaka jua likazama ili ombi lisipigiwe kura. Caesar akaliacha gwaride, akaingia mjini, akawa konsuli mwaka 59 KK.

Miaka kumi baadaye swali likarudi lilelile. Caesar, akiwa ameiteka Gallia (eneo la Ufaransa ya leo), alitaka kugombea tena bila kuliacha jeshi lake kwanza, haki aliyopewa na sheria ya matribuni kumi mwaka 52 KK. Maadui zake walitaka arudi kama raia wa kawaida, mahali ambapo wangeweza kumshtaki. Mlinzi waliyemtegemea ni Pompeius, ambaye mwaka huohuo wa 52 KK alikuwa amefanywa konsuli peke yake, bila mwenzake, miaka mitatu tu baada ya ukonsuli wake wa mwaka 55 KK, na Cato aliunga mkono. Januari mwaka 49 KK Caesar alivuka mto Rubicon na legioni moja, kosa ambalo sheria ya Sulla iliita uhaini. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa Roma kama dikteta kwa siku 11, akasimamia uchaguzi, na akatangazwa konsuli wa mwaka 48 KK pamoja na Publius Servilius Isauricus. Kati ya ukonsuli wake wa kwanza na huo wa pili ilikuwa imepita miaka kumi kamili, na mwenyewe aliandika kwamba huo ndio mwaka ambao sheria ilimruhusu.